Sauti ya Mzee Anyelwisye

Wapendwa, mahubiri yangu leo yana gitaa ndani yake. Wale wazee wangu wasiopenda magitaa kanisani naomba mnivumilie kidogo. Tutafika mahali ambapo hata ninyi mtajikuta mmo.

Kulikuwa na dada mmoja kule Tukuyu, jina lake Tupokigwe. Alikuwa na kibanda karibu na stendi, anachapa barua za watu, anatoa kopi za vyeti, anapiga picha za pasipoti. Mchana kompyuta, jioni gitaa. Na msidhani alikuwa mmoja wa wale wanaoegemeza gitaa ukutani ili lionekane kwenye picha. Huyu alikuwa anapiga. Watu waliokuja kuchukua vyeti vyao walisahau vyeti wakabaki wamesimama mlangoni wanasikiliza.

Tangu akiwa mdogo, alikuwa amemzimikia mpiga gitaa mmoja tu duniani, Mzee Anyelwisye wa Mwakaleli. Zamani, enzi za bendi za dansi, mzee huyu alipiga gitaa la solo katika bendi iliyozunguka mkoa mzima, na nyimbo zao mpaka leo zinapigwa redioni Jumapili mchana, watu wanapokula. Ukizisikia humkosei. Gitaa lake lilikuwa na mkwaruzo fulani, kama mtu aliyelia usiku kucha, asubuhi ananawa uso na kuanza kuimba. Nikiangalia nyuso zenu, naona wapo wanaoijua sauti ya namna hiyo. Msijifiche, wapendwa, dansi mlicheza.

Basi Tupokigwe akajiwekea nia: sauti ile ataipata.

Mama zangu mlioko mbele, mniruhusu nieleze kidogo. Gitaa la umeme peke yake ni kama mtu anayenong'ona. Linalolipa sauti ni lile boksi, amplifaya, na spika iliyomo ndani yake. Sasa siku hizi zipo programu za kompyuta zinazoiga maboksi hayo. Huna haja ya kununua hata moja. Unachomeka gitaa kwenye kompyuta, unachagua amplifaya ya zamani, unachagua spika, unachagua ukubwa wa chumba na mahali maikrofoni ilipokaa. Kompyuta inakutolea sauti kana kwamba boksi lenyewe liko mbele yako.

Tupokigwe alihangaika na programu hiyo kama mwanamke anayetafuta pete iliyodondoka kwenye mchanga. Anasikiliza wimbo wa mzee, anageuza hiki, anapunguza kile, anapiga, anatikisa kichwa. Sauti inayokuja ni tamu, lakini siyo yenyewe. Ina afya mno. Mpaka jioni moja akachukua spika ndogo kabisa katika programu, akaivuruga makusudi, akailazimisha kupita uwezo wake mpaka ikaanza kukohoa, kisha akapiga.

Mama yake alikuwa uani anachambua maharage. Ungo ukamponyoka mkononi.

"Tupo! Umefungulia redio?"

"Hapana, mama. Ni mimi."

"Acha utani, mwanangu. Huyo ni Anyelwisye!"

Tupokigwe akalia pale pale na gitaa mapajani. Mmewahi kutafuta kitu muda mrefu mkakipata? Basi mnajua alivyojisikia.

Akarekodi wimbo mmoja, akamtumia rafiki. Rafiki akamtumia rafiki. Kabla wiki haijaisha, mji mzima ulikuwa nao kwenye simu. Na kwa kuwa wakati ule ule watu wa mji walikuwa wanaandaa sherehe ya kumuenzi Mzee Anyelwisye akiwa bado hai, jambo ambalo kwetu hutokea kwa nadra sana, mwenyekiti wa kamati akaja mwenyewe mpaka kibandani.

"Dada Tupo," akasema, "mzee vidole vimekataa. Baridi yabisi. Tunataka yeye akae mbele kama mgeni rasmi, wewe upande jukwaani umpigie nyimbo zake. Watu wafumbe macho waseme ni yeye."

"Mwenyekiti, hiyo ni heshima kubwa kwangu."

"Heshima ni yetu. Wewe tupe sauti ile ile. Usiongeze, usipunguze."

Tupokigwe hakuweza kulala kwa furaha. Lakini alikuwa binti aliyelelewa, na akaona si adabu kumpigia mtu nyimbo zake hadharani bila kwenda kwanza kumwamkia na kumwomba ruhusa. Jumamosi akafunga kibanda, akaweka kompyuta na gitaa kwenye begi, akapanda kwenda Mwakaleli.

Kule juu baridi ilikuwa kali, na mzee alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda karibu na moto, anamenya viazi. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Tupokigwe alivitazama mara moja akayaondoa macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu moto. Wewe ndiye binti wa Tukuyu?"

"Ndiye mimi, baba. Nimekuja kuomba baraka zako. Na nimekuletea zawadi."

Akafungua kompyuta, akamvika mzee hedifoni taratibu, maana mikono ya mzee isingeweza. Akachomeka gitaa. Akapiga wimbo ule uliompa mzee jina, kwa sauti ile ile, na mkwaruzo wake ule ule. Huku anapiga alikuwa anautazama uso wa mzee kwa pembe ya jicho, anangoja machozi.

Machozi hayakuja. Uso wa mzee ulijifunga kama dirisha. Wimbo ulipofika katikati, alizisukuma zile hedifoni kwa viganja vyote viwili mpaka zikadondoka shingoni.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimeitengeneza, baba. Ni sauti yako."

"Najua ni kitu gani," mzee akasema. Akachukua kiazi, akakirudisha. "Binti, hiyo sauti niliichukia maisha yangu yote."

Wapendwa, hebu jiwekeni mahali pa Tupokigwe. Umetoka kwenu na zawadi, umeibeba kama yai, na uliyemletea anakuambia hivyo. Ungefanyaje? Wengi wetu tungefungasha gitaa letu na kuondoka tumenuna. Yeye alibaki. Akauliza, "Kwa nini, baba?"

Mzee akamwambia. Bendi ilikuwa inatoka Makete kwa lori, mvua inanyesha, njia ni tope tupu. Lori likayumba, amplifaya yake ikaanguka matopeni. Walipoifungua, karatasi ya spika ilikuwa imechanika. Siku chache mbele walikuwa na safari ya kurekodi. Mwenye bendi akasema, rekodi hivyo hivyo, tukirudi nitakununulia nyingine. Wakarekodi na spika iliyochanika. Na ule wimbo, kwa mapenzi ya nani sijui, ukashika nchi nzima.

"Basi ikawa hukumu yangu," mzee akasema. "Kila nikiomba spika nyingine, mwenye bendi ananiambia, Anyelwisye, watu wanakupenda hivyo hivyo, usichezee riziki ya wenzio. Siku moja tuko Mbeya, nikaazima amplifaya nzima kwa bendi nyingine. Nikapiga wimbo mmoja tu. Watu wakapiga miluzi. Wakapiga kelele, siyo yeye, siyo yeye, mleteni Anyelwisye! Na mimi nimesimama pale pale mbele yao, mwanangu. Mimi mwenyewe. Wananiambia nimlete mimi!"

Moto ukapasuka pasuka. Tupokigwe alikuwa anafikiria miaka yote aliyokaa karibu na redio akiupenda ule mkwaruzo, na mtu aliye nyuma yake akiwa anaomba kutolewa.

Mwishowe akauliza swali ambalo, kama mzee alivyokuja kusema baadaye, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Si mwenye bendi, si waandishi wa habari, si mashabiki waliolia wakimshika mkono. Akauliza, "Baba, wewe ulitaka isikike vipi?"

Mzee akaweka kisu chini. Akajaribu kuonyesha kwa mikono, mikono ikamwangusha. Akaanza kuimba kwa pua tu, mdomo umefungwa. Tupokigwe akainamia kompyuta yake. Akaitoa ile spika mbovu. Akaweka nzima.

"Hivi?"

"Hapana. Kubwa zaidi."

"Hivi?"

"Inakata. Isikate. Iwe kama maji ya mto yakishapita mawe, yakafika pale yanapotulia."

Wakaendelea hivyo, binti anageuza, mzee anakataa. Viazi vikasahaulika kwenye sufuria. Chakula kilikuja kikapoa. Alasiri, ukungu umeshashuka mpaka mlangoni, Tupokigwe akapiga noti moja, na mzee akaweka kile kiganja chake kilichopinda juu ya mkono wa binti.

"Hapo. Usiguse tena."

Binti akapiga wimbo wote. Ile sauti ilikuwa safi, pana, imenyooka, haina kilio ndani yake hata kidogo. Mnadhani mzee alilia? Alikasirika! Alipiga goti lake kwa ngumi. "Ilikuwepo! Miaka yote hiyo ilikuwepo, na wakaninyima!"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pagumu. Tupokigwe mwenyewe hakuipenda sana sauti ile mpya. Moyo wake ulikuwa bado kule kwenye mkwaruzo. Aliporudi nyumbani akampigia mama yake wimbo kwa sauti ile, na mama akakunja uso: "Huyu ni nani tena? Mrudishe yule wetu." Kwa hiyo msimfikirie kama mtu aliyeshuka mlimani amejaa uhakika. Alishuka na neno la mzee, basi. Na alikuwa na siku chache za kuamua angepiga ipi.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Mzee Anyelwisye aliketi mbele kwenye kiti cha kitambaa, amevaa koti lililopigwa pasi, shada la maua shingoni. Mwenyekiti akatoa hotuba ndefu. Kisha Tupokigwe akapanda jukwaani, kompyuta juu ya meza, gitaa begani. Watu wakafumba macho kama walivyoambiwa.

Akapiga ile ya jikoni. Ile safi.

Macho yakafumbuka moja moja. Watu wakatazamana. Kwanza minong'ono, halafu mluzi mmoja upande wa nyuma, halafu miluzi mingi. Halafu likaja lile neno, katika mji mwingine, kutoka vinywa vya watu wengine, wengi wao hawajazaliwa wakati wa Mbeya: "Siyo yeye! Siyo yeye!"

Mwenyekiti akapanda jukwaani mbio, jasho linamtoka. "Dada, mashine imeharibika?"

"Haijaharibika, mwenyekiti."

"Basi rudisha sauti yake!"

"Hii ndiyo sauti yake."

"Tupokigwe, unatuaibisha. Ile nyingine si imo humo humo? Bonyeza!"

Na kweli ilikuwamo humo humo. Wapendwa, hebu ioneni kompyuta ile ilivyo mezani. Kidole kimoja tu! Akibonyeza mara moja, uwanja mzima utalipuka kwa shangwe, mwenyekiti atamkumbatia, mama yake aliyesimama pale pembeni atapiga vigelegele. Hakuna atakayemlaumu. Ataitwa kwenye kila sherehe mpaka azeeke. Kidole kimoja. Na alikuwa anajua vizuri kwamba hata yeye mwenyewe angefurahi.

Akairudisha mikono kwenye gitaa, akaanza wimbo upya, kwa sauti ile ile waliyoikataa.

Hapo ndipo Mzee Anyelwisye alipoinuka. Akalivua lile shada la maua, akaliweka kwenye kiti. Akapanda ngazi za jukwaa, ngazi moja baada ya nyingine, na fimbo yake. Mwenyekiti akamwendea kwa unyenyekevu: "Mzee, tusamehe sana. Huyu binti anakuharibia jina."

Mzee akasema, "Jina ni langu. Mwache aliharibu."

Akasimama kando ya Tupokigwe, akamwangalia. "Piga, mwanangu. Piga zote."

Akapiga zote.

Mnataka niwaambie kwamba watu walielewa? Mnataka niwaambie walisimama wakapiga makofi wakalia? Hawakupiga. Nusu ya uwanja waliondoka. Waliobaki walibaki kwa sababu ya pilau. Mwenyekiti alimkabidhi mzee zawadi yake bila kumtazama usoni, na Tupokigwe hakuitwa tena kwenye sherehe yoyote ya mji ule. Redio mpaka leo inapiga ile iliyochanika. Lakini kila Jumamosi kibanda cha Tupokigwe kinafungwa, na huko Mwakaleli, jikoni kwenye moshi, mzee na binti wanarekodi nyimbo zote upya, wimbo mmoja baada ya mwingine. Mzee anasimamia kama kaburu. Na Tupokigwe anasema sasa ule mkwaruzo akiusikia redioni, anasikia mtu anayegonga mlango kutokea ndani.

Wapendwa, sasa twende kwetu. Nilisema tutafika.

Sisi tunawapenda wazazi wetu waliotutangulia. Tunawaenzi. Tunataka kufanya kama walivyofanya, na hilo ni jema. Lakini niwaulize: tunachokiiga ni sauti yao, au ni ile spika iliyochanika? Baba yako hakukukumbatia hata mara moja. Alikuwa anatoka kwenye mashamba ya chai amechoka, mgongo umepinda, hana hata nguvu ya kufungua mdomo. Wewe unafanya kazi ya kukaa kwenye kiti, jioni unarudi, mtoto anakukimbilia unamkazia uso, unasema ndivyo baba alivyotulea. Nani alikuambia baba yako alipenda kuwa vile? Ulimwuliza?

Bibi yako aliketi nyuma kanisani maisha yake yote. Tukaja sisi tukasema ni heshima ya wanawake, wakae nyuma. Bibi yako alikuwa ananyonyesha, na mlango ulikuwa nyuma! Na mwingine aliketi nyuma kwa sababu alikatazwa kukaa mbele, akaumia, akanyamaza. Maumivu yake tumeyafanya utaratibu wa usharika.

Basi nitasema lile lililonifanya nipande hapa.

Wapo mama zetu waliopigwa kwenye ndoa zao wakavumilia. Tunawasifu. Kwenye misiba yao tunasimama tunasema, marehemu alikuwa mvumilivu. Halafu binti zao wakirudi nyumbani na uso umevimba, tunawaambia, mama yako alivumilia, na wewe vumilia. Mama yake alivumilia kwa sababu hakuwa na mahali pa kwenda! Alivumilia kwa sababu baba yake angemrudisha, na mchungaji wake angemrudisha. Kaa naye jikoni. Mwulize, mama, wewe ulitaka iwe vipi? Mimi nimewauliza baadhi yao, vitandani mwao, wanakaribia kuondoka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, mchungaji, natamani mwanangu naye avumilie. Hakuna! Wanasema, natamani apumzike. Hicho ndicho walichokuwa wanakisikia vichwani mwao miaka yote, na hatukuwapa nafasi ya kukipiga.

Yupo binti wa usharika huu aliyerudi kwao juzi na begi moja. Mnamjua, na sitamtaja. Nimeletewa taarifa kwamba kesho jioni kuna kikao cha wazee wa kanisa na wazee wa pande zote mbili, cha kumshauri arudi kwa mumewe, kwa sababu ndivyo tulivyofanya siku zote.

Wazee wangu, nawaheshimu. Wengine mmenibatiza. Kwenye kikao nitakuja, na nitakaa upande wake. Mtaniambia navunja mapokeo. Mtaniambia usharika huu haujawahi kuwa na mchungaji wa namna hii. Mtaandika kwa askofu, na mna haki ya kuandika. Pengine nusu yenu Jumapili ijayo hamtakuja. Nitahubiria madawati.

Binti harudi. Anayetaka kumrudisha, aanze na mimi.

Tusimame tuombe.